Mayai Kumi na Moja ya Kuazima

Walisema sitaweza. Baba mdogo Marwa alisema hivyo mbele ya mgeni, mdomo umejaa ugali: "Chacha huyu? Kuku wake akiatamia ataangua mawe." Ilikuwa hapa hapa Susuni, nikiwa darasa la nne, na kuku mwenyewe nilikuwa nimepewa na bibi.

Enzi hizo kuku akitaka kuatamia hukuuliza kwenye kundi la simu kama vijana wa leo. Ulimjua tu: amejibana kwenye kiota kitupu, manyoya yamemsimama, ukimgusa anakudonoa. Mayai yake mama alikuwa ameshayauza sokoni Sirari, tukapata chumvi na sabuni. "Mchovye kwenye maji aache kiburi," akasema mama. Nikakataa. Nikaenda kuazima mayai.

Desturi yetu ilikuwa wazi. Aliyekuazima mayai ya kumwekea kuku ayaatamie ulimpa mtetea mmoja, vifaranga wakishaachwa na mama yao. Usipolipa, hakuna nyumba itakayokuazima tena, na jina baya linakua pamoja nawe. Mama Robi akanipa sita, Mama Bhoke matano. Nikayachora kwa mkaa, ya Mama Robi msalaba, ya Mama Bhoke mstari. Kiotani nikaweka majivu na majani makavu ya tumbaku kuzuia utitiri. Hodari nilikuwa tangu hapo.

Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga sita, wote wa mayai ya msalaba. Ya mstari nilipoyapasua, maji matupu. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa msimu wa tohara, na jogoo wa Mama Bhoke alikuwa ameshachinjiwa wageni zamani.

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia mama kwamba Mama Bhoke hanidai kitu, mayai yake hayakuwa na mbegu. Mama hakuacha hata kupepeta. "Uliomba mayai, akakupa mayai. Kuhusu jogoo ulimwuliza?"

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alipouliza kwa nini yai huatamiwa lisianguliwe, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Leo nina stashahada ya mifugo, nimerudi nyumbani, na banda langu watu wanatoka mpaka Nyakunguru kuja kuliangalia. Vijana wangu wa kazi wana mashine ya kutotolea. Umeme ukikatika wanakaa wanaitazama. Kuku wangu hakuwahi kukatika umeme. Na siku hizi vifaranga wananunuliwa kwenye maboksi, hakuna anayebisha hodi kwa jirani kuomba yai. Hilo nalikumbuka kwa hamu.

Wale vifaranga wangu sita, mwewe alichukua wawili. Wakabaki majogoo wawili na mitetea wawili, na mitetea wote walikuwa wa watu. Jumamosi moja nikawabeba kwapani. Mama Robi alimpokea wake, akanipa ndizi. Mama Bhoke alimshika wake, akamgeuza, akamtazama miguu.

"Nilisikia hayakuanguliwa," akasema. "Nikaona haya kuja kukuuliza."

"Shika tu, mama."

"Haya. Kuku wako akiatamia tena, uanzie hapa. Jogoo nimeshapata."

Nikarudi mikono mitupu, nikapitia makusudi mlangoni kwa baba mdogo, polepole, aione mikono hiyo.