Jirani Niliyemsikia Kabla ya Kumwona

Kampuni ya mizigo iliyoniajiri ugenini ilikuwa na ofisi Nakawa, lakini nyumba waliyonipa kama meneja ilikuwa Kololo, kilima cha wakubwa jijini. Nilipowaambia Wakenya wenzangu kanisani kwamba nitakaa Kololo, dada mmoja aliguna akasema, "Basi umeshakuwa mtu mkubwa. Hatutakuona tena."

Alisema kwa mzaha, ila ndivyo ilivyokuwa. Wao walikuwa wamepanga upande wa Lubaga, kwenye nyumba zilizobanana, ambako ukipika samaki mtaa mzima unajua. Wao kuja nyumbani kwangu ilikuwa shughuli. Uandikishe jina langoni, uache kitambulisho, askari apige simu ndani kuuliza kama unajulikana. Walikuja mara moja tu. Walikaa kwenye makochi ya kampuni wakisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili, kisha wakaaga mapema.

Kololo ni pazuri, sitasema uongo. Miti imezidi nyumba kwa urefu, na asubuhi barabara zinanukia nyasi zilizofyekwa. Ukiuliza nani anakaa huko, utaambiwa ni mabalozi, wakubwa wa zamani wa serikali, Wahindi waliofukuzwa zamani kisha wakarudishiwa nyumba zao, wazungu wa mashirika wanaokaa miaka miwili kisha wanauza friji na kuondoka, na matajiri wapya ambao huwaoni, unaona magari yao tu. Wakazi niliowaona mimi walikuwa wengine kabisa: askari wa malango, watunza bustani, wapishi, wanawake wanaotembeza mbwa wa watu. Jioni wengi wao hushuka kilima kurudi makwao, na huko juu hubaki taa na ukimya. Mwaka wangu wa kwanza ulikaribia kwisha nami sikuwa na jirani ninayemjua hata kwa sura. Binti yangu alikuwa chuoni Eldoret. Kuna Jumamosi nilizopitisha bila kufungua mdomo, hadi sauti yangu yenyewe ikanishtua nilipoitika simu.

Jumapili moja nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba huku nikizungumza na mama yangu, aliyeko Kakamega. Mama alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo nilipaza sauti. Nilipokata simu, ng'ambo ya ukuta mtu akaita.

"Iko nani huko anasema Kiswahili?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Nikajibu kwamba ni mimi, jirani, natoka Kenya.

"Kenya! Na mama yako, ile mguu imepona?"

Nilicheka peke yangu uani. Alikuwa amesikia mazungumzo yote.

Hivyo ndivyo nilivyompata Hajati. Alikuwa Mnubi, binti wa askari, mjukuu wa askari, na Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya jeshi akiwa mtoto. Marehemu mumewe alikuwa na cheo serikalini, ndipo wakapata nyumba ile. Wanawe walikuwa Kanada na Dubai. Walimwekea msichana wa kazi, askari wa lango na daktari wa kuja kila mwezi, lakini Jumapili msichana hupumzika, na Hajati hutoa kiti chake nyuma ya jikoni. Nami nikaanza kutoa changu upande wangu. Hatukuonana, maana ukuta ule ulikuwa mrefu na juu yake kuna waya wa umeme. Tulipaza sauti tu. Alinieleza jinsi ya kupika mkate wao mwembamba, gurusa, nami nikamweleza kuhusu bosi wangu. Siku akinyamaza ghafla nilijua analia, nami nilisubiri.

Alichotamani kilikuwa kitu kimoja: kwenda Bombo, kwao, ambako dada yake mdogo alikuwa bado hai. Bombo si mbali, ukitoka mapema hata chai haijapoa kwenye chupa. Lakini wanawe walikuwa wamekataa. Barabara mbaya, walisema. Presha.

"Wewe una gari?" aliniuliza siku moja.

"Ninalo, Hajati."

"Basi kuja mbele, kwa geti."

Nilizunguka kwa gari hadi lango lake, na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Kwa sauti ile nilikuwa nimemwazia mwanamke mnene. Kumbe alikuwa mwembamba, mfupi, amejitanda mtandio wa manjano, na mkoba uko mkononi tayari. Askari alikuwa amesimama kati yetu, ametahayari.

"Madamu, unisamehe," aliniambia. "Bosi alisema Hajati asitoke. Nikifungua, mimi napoteza kazi."

"Bosi ni nani?" Hajati akauliza.

"Mtoto wako, Hajati."

"Pigia yeye."

Askari alipiga, akaweka sauti tusikie sote. Huko Kanada kulikuwa bado usiku. Mwanawe aliitika kwa hofu.

"Mama, kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nakwenda Bombo."

"Mama, tulishazungumza. Bombo hakuna hospitali ya maana. Hapo Kololo uko salama."

"Salama na nani?"

Mwanawe alianza kumtaja daktari, Hajati akamkatiza.

"Nakuuliza, mwanangu. Niko salama na nani?"

Mwanawe akataka kujua nani anampeleka. Hajati akasema, "Jirani." Mwanawe akashangaa: "Jirani yupi, Mama? Sisi pale hatuna jirani." Nikaichukua simu, nikamwambia jina langu, namba yangu ya simu, ninakofanya kazi, na nyumba ninayokaa. Aliniuliza maswali kama ya polisi. Mwishowe akashusha pumzi, akamwambia askari afungue.

Tulipita Mulago na Bwaise, ambako watu walijaa hadi barabarani. Hajati aliteremsha kioo, akawa anamwamkia yeyote aliyekaribia gari. Kawempe tulinunua ndizi za kuchoma. Tulipofika Bombo dada yake alitoka na mikono imejaa unga. Walikumbatiana, na unga ukabaki mgongoni mwa Hajati siku nzima. Watoto wa jamaa walikuja kumtazama mmoja mmoja. Akaketi mkekani, akavua viatu.

Alasiri nilipoinuka kuaga, hakuinuka.

"Mimi nabaki," alisema. "Nenda salama, mtoto wangu."

Nilirudi Kololo na kiti cha kando kitupu, nikijua nitaulizwa. Jioni mwanawe alinipigia, sauti imepanda. Nilimweleza alivyo mama yake: mkekani, na dada yake akimlisha nyama kwa mkono.

"Anacheka?" aliuliza.

"Anacheka sana."

"Basi," alisema, na nikasikia kwamba anajizuia asilie. "Basi mwache."

Hajati hakurudi kuishi Kololo. Nilimtembelea Bombo mara chache, nikamkuta amezungukwa na watu, akinitambulisha kwa fahari, nami nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nikirudi kilimani ilikuwa mbaya kuliko kabla sijamjua. Nyumba yake walipangishwa watu wa ubalozi fulani. Niliwapelekea mandazi wiki ya kwanza. Mpishi aliyapokea langoni, akanirudishia sahani imeoshwa, na mambo yakaishia hapo.

Kazi iliponihamisha Mombasa, nilipakia mizigo yangu kwenye lori asubuhi moja ya siku ya kazi, nikaketi kando ya dereva. Kwenye kona ya barabara kulikuwa na askari mpya wa lindo. Alisimamisha lori, akaangalia masanduku na magodoro, kisha akanijia dirishani kwa adabu.

"Karibu Kololo, madamu," alisema. "Unahamia nyumba gani?"