Mjomba Nestori Kwenye Jukwaa la Berlin

Harufu ya mawese ikinigusa pua, mpaka leo, masikio yangu husikia simu ikilia. Ni harufu ya Jumamosi moja ya Mei 2016, nyumbani kwetu Beechmont, Louisville, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa akikaanga maharage. Baba alikuwa ametoka zamu ya ghala alfajiri, lakini alikataa kulala kwa sababu ya fainali ya kombe la Ujerumani. Usingizi, alisema, haujawahi kumfungia mtu bao.

Siku hiyo hata walio macho hawakufunga. Wanjano na wekundu walikimbizana dakika mia na ishirini, ikabaki mikwaju ya penalti. Tulitazama kwenye simu ya Baba, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Intaneti yetu ilisuasua, kila tukio likitufikia nusu dakika baada ya kuwafikia ndugu wa Mama: dada yake Yudita, aliyekaa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, na kaka yake Fideli wa Buffalo. Baba alikuwa amewaomba wasitupigie mpaka mechi iishe.

Simu ya Mama ikalia. Alikuwa Mama Mkubwa Yudita, na hakusalimia.

"Nestori yuko uwanjani," alisema.

Nestori alikuwa kitinda mimba wao. Walipokimbia kutoka Burundi, miaka ishirini nyuma, akiwa na miaka kumi na tisa, aligeuka njiani kwenda kuchukua sufuria waliyoisahau, na hakuonekana tena. Kambini Kigoma walimfanyia matanga bila mwili. Mimi nilimjua kwa picha moja tu, ndogo ya kitambulisho, iliyokaa ndani ya Biblia ya Mama.

Tukakodolea macho kioo. Wachezaji walikuwa bado wamekumbatiana katikati ya uwanja, na hakukuwa na mtu mwingine. Tukangoja. Hofu ninayoikumbuka zaidi ni hiyo: jua linawaka dirishani, nasi tumekaa tunamngoja marehemu, tukijua yuko njiani.

Kamera ikageukia jukwaani. Kati ya skafu za njano, watu wote wakiwa wamesimama, kijana mmoja mweusi, mwembamba, alikuwa ameketi. Hakutazama uwanja. Alitutazama sisi, kichwa kimelalia kushoto kama kwenye ile picha. Sekunde tatu, kisha akaondoka kwenye kioo. Papo hapo simu ya Baba ikaita na kuifunika picha yote. Alikuwa Mjomba Fideli, akilia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Penalti hatukuziona. Maharage yaliungua, na Baba, ambaye hakuwahi kumjua Nestori, ndiye aliyekwenda kuzima jiko.

Mama aliiandikia ofisi moja inayotafuta watu waliopotea vitani, akajaza fomu zake. Kwa mwaka mzima alisema "Nestori anapenda", "Nestori hataki", kama mtu aliye chumba cha pili. Kisha barua ikaja: hajapatikana. Akaikunja na kuiweka pamoja na picha.

Mimi nilikuwa na jambo langu nililolificha. Hesabu za shule zilinitosha kujua kwamba Mjomba alipaswa kuwa na karibu miaka arobaini, na yule wa jukwaani hakuvuka ishirini. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba nikilisema, nitamuua mara ya pili.

Nililisema nikiwa mtu mzima, tukimenya ndizi. "Mama, yule alikuwa kijana mdogo sana."

Kisu chake hakikusimama. "Najua," akasema. "Angekuwa mzee, nisingemtambua."

Akaniambia kwamba Yudita na Fideli pia walijua, siku ileile. Ndipo nilipoelewa kwa nini zile fomu za ofisi alizijaza taratibu, jioni tatu mfululizo, akinifukuza nilipotaka kumsaidia. Zilimuuliza mambo ambayo kwa miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: Nestori alikuwa na urefu gani, aliitwaje nyumbani, na asubuhi ile ya kukimbia alivaa shati la rangi gani.