Nyama ya Kwato

Nyanya yangu, mama wa baba, alikuwa Mwislamu, na kwake wanyama wa miguu minne walikuwa wa aina mbili tu. Wenye kwato, kama mbuzi na swala wa msituni, tuliwala. Wenye kucha tuliwaacha, na asiyekubali abishane naye. Pale Kindu, wakati wa Wabelgiji, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kwanza ya wanyama, wala sikuiona kasoro.

Kasoro aliileta mjomba wangu, Mkristo wa Pangi aliyependa utani kupita kiasi. Siku moja alifika na mguu wa nguruwe pori uliokaushwa kwa moshi, akauinua mlangoni.

“Mama, angalia. Iko na kwato!”

Nyanya hakutikisika. “Huyo njo mwizi,” alijibu. “Kwato si zake, aliziiba kwa mbuzi. Peleka nyuma ya nyumba.”

Lakini mgeni wake hakulala njaa. Alimtengea huko nyuma mafiga, kuni na chungu, na tangu siku hiyo tulikiita chungu cha mwizi. Kila alipokuja, mjomba alijipikia huku akiimba, na nyanya akimtukana kwa mapenzi kupitia dirishani. Chungu chenyewe hakukigusa hata kwa kijiti.

Habari ya kifo cha mjomba ilipofika kutoka Pangi, nyanya alizunguka nyuma ya nyumba. Nilimkuta amechuchumaa, chungu cha mwizi mapajani, anakisugua kwa mikono yake miwili.