Ardith Hataki Kupishwa

Siku Ardith Kessler alipokanyaga mafuta badala ya breki na kuingiza gari kwenye dirisha la duka la dawa, mji mzima wa Wexler ulimhurumia mwenye duka kwa muda mfupi tu, kisha ukaanza kumhurumia Ardith. Hakuumia mtu. Leseni aliirudisha mwenyewe, akaiweka mezani kwa polisi kabla hajaulizwa. Huku kwetu Ohio mtu asiye na gari ni kama amekatwa miguu. Duka la vyakula liko mwisho huu wa mji, kanisa mwisho ule, na mabasi hatuna.

Watu wakasema basi, sasa mwanawe atakuja kumchukua. Ardith alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi, na sauti yake ilitosha kunyamazisha ukumbi mzima wa watoto wanaorushiana viazi. Lakini mumewe alikwisha fariki, nyumba ni kubwa, na umri wake unakaribia themanini.

Kilichomwokoa ni reli, yaani palipokuwa na reli. Treni zilikoma zamani, vyuma vikang'olewa, lami ikamwagwa, na sasa ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Inapita nyuma ya bustani za watu mpaka kwenye stesheni ya zamani, ambako mimi, Neva Pruitt, nauza kahawa na aiskrimu. Ardith alinunua baiskeli ya magurudumu matatu, nyekundu, yenye kapu nyuma la kubeba bata mzinga mzima. Mara ya kwanza alipofika dukani kwangu alikuwa amenuna.

"Usicheke, Neva."

"Nani kacheka?"

"Mabega yako yanacheka."

Tangu hapo alipita kila asubuhi. Nilimpenda zaidi alivyokuwa juu ya baiskeli ile kuliko alivyokuwa na gari, maana sasa alisimama kuzungumza.

Tabu ilikuwa kivuko. Kabla tu ya stesheni, njia yetu inakata Mtaa Mkuu, na alama ya kusimama ni ya wenye baiskeli, si ya magari. Dereva hana haja ya kusimama. Lakini mtu wa Wexler akiona mama mtu mzima amesubiri pembeni, hawezi kupita. Atasimama katikati ya barabara, atatabasamu, atapunga mkono: pita, pita. Huyu kasimama, anayetoka upande wa pili hana habari. Adabu yetu hii itatuua siku moja, nimesema kwenye mkutano wa mji na hakuna aliyenisikiliza.

Ardith naye aliwahi kupishwa hivyo, akapita, na kioo cha pikapu kikakwaruza kapu lake. Mayai yote yakavunjika. Kuanzia siku hiyo alijitungia dawa. Akifika kivukoni anashuka, anaugeuzia mtaa mgongo, anatazama juu ya mti kama mtu asiye na safari yoyote, mpaka barabara iwe tupu. Madereva walichukia. Mzee Lowell wa duka la mbegu aliwahi kuteremsha kioo kabisa.

"Ardith, pita basi, nakupisha!"

"Sikungoji wewe, Lowell! Naangalia ndege."

"Ndege gani? Mbona simwoni?"

"Kwa sababu unamtisha na gari lako! Nenda zako!"

Mwezi wa kumi mwanawe akaja kutoka jijini Columbus. Royce ni mtu wa bima, mpole, mwenye mvi nyingi kuliko mama yake, na kazi yake ni kufikiria mabaya yote yanayoweza kumpata mtu. Alipitia kwangu kwanza kunywa kahawa.

"Nimempatia chumba karibu na kwangu," alisema. "Mahali pazuri, wauguzi wapo. Tafadhali, Neva, usimpandishe kichwa."

"Kichwa chake kilikwisha panda kabla sijazaliwa," nikamwambia.

Jioni ile waligombana mpaka mama akatoa sharti. Royce angemfuata mzunguko mmoja wa asubuhi, dukani, kanisani, mpaka kwangu. Akiona jambo moja tu la kumtisha, yeye Ardith angefunga mizigo bila kelele. Nilipolisikia niliogopa, kwa sababu Ardith akitoa neno halirudishi.

Kesho yake nilikuwa nafagia ngazi nilipowaona wanakuja, Royce sasa ametangulia juu ya baiskeli ya kuazima, magoti yakimgusa kidevu. Walifika kivukoni. Mama mmoja mwenye gari jeupe akasimama, akatabasamu, akapunga mkono. Ardith alikuwa tayari ameshuka, anatazama mti wake. Lakini Royce ni mtoto wa Wexler, na kwetu ukipishwa usipopita umemtukana mtu. Akainua mkono kushukuru, akaingia barabarani.

"ROYCE! SIMAMA HAPO HAPO!"

Ilikuwa ile sauti ya ukumbi wa shule. Royce alisimama. Mama wa gari jeupe aliinua mikono yake yote miwili. Hata mimi nilisimama na ufagio hewani. Pikapu ikapita kutoka upande wa pili, karibu naye kiasi kwamba kofia yake iliruka ikaanguka mtaroni.

Royce aliiokota, akaivaa na tope lake, wakavuka barabara ilipokuwa tupu. Nikawaletea kahawa kwenye benchi na nikakaa, sikungoja kukaribishwa. Royce aliweka kikombe chake chini bila kuonja. Ardith alitazama mikono yake mwenyewe.

"Haya," alisema polepole. "Umetishika, na neno ni neno. Nitafunga mizigo."

Sikuwahi kumsikia akisema kwa unyonge vile, na moyo uliniuma.

"Siyo magari, mama," Royce akasema. "Magari unayajua kuliko mimi, nimeona. Hofu yangu ni uanguke jikoni, ulale pale chini kutwa nzima, na hakuna anayejua. Nikilala naona hilo tu."

Hapo nikamjibia Ardith.

"Wiki iliyopita alichelewa kupita. Nilifunga duka, nikaenda kumgongea mlango. Nilimkuta kichwa kimo ndani ya friji anatafuta njegere, akanitukana mpaka barabarani."

"Ulinishtua, ndiyo maana," Ardith akasema.

"Na kesho ukichelewa nitakuja tena."

Royce alicheka, halafu akafunika macho kwa kiganja.

"Basi kaa, mama," alisema mwishowe. "Kaa kwako."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Tangu Paula akuache, nani anakugongea mlango wewe?"

Tangu mkewe aondoke, Royce anaishi peke yake ghorofani, na majirani zake anawajua kwa sura tu, tena za kwenye lifti. Mama yake akamfuta tope la kofia kwenye paji la uso.

"Utanipigia simu kila asubuhi kabla sijatoka," alimwambia. "Siku usipopiga, nakuja Columbus."

"Utakuja na nini, mama? Gari huna."

"Nitakuja," alisema Ardith, na sote wawili tulijua kwamba atafika.