Mama Yangu ni Mzima, Lakini Mama Jaya Hali Chumvi

Ndugu Mhariri, jina langu lifiche, na mtaa pia usiutaje, maana hapa Kariakoo ukitaja mtaa umeshataja mtu. Nimezoea kuusoma ukurasa huu na kuwacheka wanaouandikia. Leo ni zamu yangu, nichekeni tu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, sijaoa. Wazazi wangu ni watu wa Kilimanjaro, ila mimi nimekulia hapa hapa Dar, na kuogelea nilijifunza pale Feri nikitoroka shule. Baba alipofariki, mama alirudi Moshi, nami nikapata kazi katika studio ya picha ya mzee mmoja wa Kihindi. Napiga picha za pasi na za maharusi, kisha nazisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza. Mzee na mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Jaya, wanakaa ghorofani juu ya studio. Tangu nianze kazi, chakula changu cha mchana kinatoka jikoni kwake. Hata sukari ilipoadimika mjini, chai yangu haikukosa.

Balaa langu lilianza kwa mteja mmoja wa Upanga. Yeye na wenzake hupiga picha chini ya bahari, kwa kamera iliyofungwa ndani ya sanduku la kioo lisiloingiza maji. Siku ya kwanza nilipomsafishia mkanda, nilimwona samaki chewa akijitokeza taratibu kwenye beseni la dawa, ananitazama kama mtu aliyekuja kupiga picha ya pasi. Chewa niliyemjua mimi ni yule wa Feri, amelala mezani mdomo wazi, watu wanamgombania bei. Huyu alikuwa hai, yuko kwake. Ndugu zangu, nilirogwa. Tangu siku hiyo nikifumba macho naona maji.

Juzijuzi mteja huyo akaniambia wanaenda Mafia siku za Idi kwa wiki mbili, kundi la watu karibu thelathini, walimu wa chuo, madaktari na wataalamu wa kigeni. Wanataka mtu wa kuwasafishia mikanda huko huko, na kwa kuwa naweza kuogelea, watanifundisha kupiga mbizi na kunipa kamera nishuke nayo.

"Mikataba ya hawa wageni inaisha, na vyombo vyao wanaondoka navyo," alisema. "Ukiikosa hii, ndiyo basi."

Sasa Idi ndiyo mavuno ya studio yetu. Watu huja na nguo mpya, familia nzima nzima, foleni mpaka barabarani. Kumwomba Mzee ruhusa ya kwenda kutazama samaki siku hizo ni kujitafutia matusi. Lakini ugonjwa wa mama haubishaniwi na mtu. Nikamwambia mama yangu anaumwa, na wiki ya Idi anapasuliwa hospitali huko Moshi. Mzee hakuuliza hata swali moja. Alinishika bega akasema niende, kamera ataishika yeye, na mikono yake siku hizi inatetemeka.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kesho yake Mama Jaya akateremka na sahani yangu, lakini kwanza akaninyooshea kijiko cha mchuzi.

"Onja kama chumvi imekolea. Mimi sionji."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nimeweka nadhiri. Sili chumvi mpaka mama yako apone."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwao nadhiri si mchezo. Anakula mara moja tu kwa siku, jioni majirani wakifuturu, na chakula chenyewe wali usio na chumvi. Mwezi huu wa Ramadhani mtaa mzima umefunga, na Mhindi wa watu naye amefunga kwa ajili ya mama asiyemjua. Anayekula mchana ni mimi mwongo, tena najificha chumba cha giza. Wiki iliyopita alishika ukuta akipanda ngazi. Mzee akamsihi aache, akajibu kwamba nadhiri ya mama wa mtu haivunjwi kwa sababu ya kizunguzungu.

Nikajaribu kupunguza uongo. Nikamwambia nimepata habari, mama anaendelea vizuri.

"Anayesubiri kisu hajapona," akasema. "Nitakula siku utakayorudi uniambie umemwona amesimama."

Na mama yangu yuko Moshi, amesimama shambani na jembe lake. Au ndivyo ninavyoomba, kwa sababu kumsingizia mzazi ugonjwa ni kumchuria, na barua yake ya mwezi huu bado sijaiona.

Nikidanganya tena kwamba mama amepona, amepita mjini na nimemwona amesimama, Mama Jaya atakula leo hii, lakini ruhusa itakufa na bahari nitaendelea kuiona kwenye beseni. Nikinyamaza, nitapiga mbizi Mafia na kamera huku yeye akizidi kudhoofika. Rafiki yangu ananiambia hiyo ni dini yake, sikumtuma. Maneno hayo yaliniudhi, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba niliyapenda. Kusema kweli yote nako naogopa. Nitamwambiaje mtu mzima kwamba njaa yake ilikuwa ya bure?

Leo mchana ameteremka tena na kijiko. Mchuzi haukuwa na chumvi hata chembe, alisahau kuitia. Nikamtazama midomo yake ilivyokauka, nikaona haya kumwomba chumvi. Nikamwambia imekolea. Akafurahi, akapanda ngazi zake polepole, nami nikala sahani yote.

Msinionee huruma, ndugu wasomaji. Niambieni tu, kesho akininyooshea kijiko nimjibu nini?