Wimbo Namba Arobaini kwenye Redio ya Mama

Mimi nina ugonjwa wa kupanga vitu. Sufuria zangu zinakaa kwa ukubwa, madaftari ya wanafunzi wangu yanakaa kwa herufi, na nikiona kitu hakina jina, mkono unaniwasha. Mama anauita kiherehere. Ameniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, na likizo ile ya Desemba nyumbani Kibimba nikamthibitishia kwamba hakukosea.

Mama ana redio ndogo ya kuchomeka flashi, zile ambazo watu wanakwenda nazo shambani. Redio hizi hazijali wimbo unaitwaje. Kwenye kioo zinaonesha namba tu, na nyimbo zinafuatana kama zilivyoingizwa. Mama hakusoma shule, na miaka hii mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, kwa hiyo hata hizo namba hazioni. Anabonyeza kitufe kwa kidole gumba huku akihesabu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, mpaka afike anapopataka.

Mimi nikaona fujo. Nilipochomeka ile flashi kwenye laptopu yangu nilikuta nyimbo mia tatu na ushee, nusu yake zina majina ya tarakimu tupu, nyingine zimeandikwa "kwaya mpya ya mwisho kabisa 2". Jamani! Nilikuwa na programu ya kupanga muziki, ile inayokupa visanduku vya kujaza: jina la wimbo, waimbaji, mwaka, aina. Nyimbo zote nikazinakili kwenye laptopu, nikakaa barazani siku mbili. Kila wimbo niliuchungulia katikati, sekunde chache tu za kuutambua, nikajaza visanduku vyake, nikaenda kwa unaofuata. Kisha nikaiambia programu itafute nyimbo zilizojirudia. Ikaniletea orodha na kuniuliza nibakize zipi. Nikachagua zenye sauti safi. Wewe ungechagua zipi? Zilizobaki nikazifuta, na pipa la taka la kompyuta nikalimwaga papo hapo, maana nalo silipendi lijae. Flashi nikaifuta yote, nikaingiza nyimbo upya kwa alfabeti. Nilijisifu kweli siku hiyo.

Kesho yake asubuhi mama alikaa uani anachambua maharage kwa vidole, redio pembeni. Nikamsikia anabonyeza na kuhesabu. Akaizima, akaiwasha, akahesabu tena toka mwanzo.

"Hii flashi ya nani?" akauliza.

"Yako, mama. Nimekupangia."

"Umenipangia nini? Arobaini iko wapi?"

Nikacheka, nikamwambia anitajie wimbo, nitamtafutia. Akautaja. Ulikuwa wimbo wa kwaya ya kanisani kwetu, nikaupata mara moja, nikaupiga. Mama akatikisa kichwa. "Huu ni ule wa kumi na mbili. Arobaini ni ule mbovu, aliorekodi baba yako."

Hapo nikakumbuka. Zilikuwepo mbili kweli. Moja ilirekodiwa na mgeni mmoja mwenye vyombo vizuri. Nyingine ilikuwa na upepo na kuku, na nilizipa zote mbili jina lile lile kwa vidole vyangu hivi. Programu haikukosea hata kidogo.

"Kule mwanzoni, kabla hawajaimba, baba yako anaongea," mama akasema.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Picha zake ziko ukutani sebuleni, lakini mama hazioni tena. Simu aliyorekodia ilishakufa, na video hatukuwahi kumpiga. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, sekunde chache, na mimi nimeifuta kwa sababu ya usafi.

"Anasemaje, mama?"

Mama akaendelea na maharage yake. "Si umesikiliza zote, wewe?"

Nilichukua laptopu na flashi, nikapanda bodaboda mpaka senta kwa fundi simu. Alihangaika navyo saa tatu nzima, nami nimesimama juu yake kama askari. Akarudisha vipande vipande: nusu ya tangazo, mkwaruzo, wimbo unaokatika. "Mwalimu, tatizo umeandika vingine juu yake," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi. Nilimjibu vibaya bila kosa lake. Njiani kurudi nilijitukana mpaka dereva wa bodaboda akageuka kuniuliza kama nimesema kitu.

Chakula cha jioni hiyo sikukionja. Mama naye redio hakuigusa. Mwishowe akasema, "Mama yako mdogo alichukua nyimbo zangu zote siku tulipoondoa matanga. Sijui kama anazo."

Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ameolewa Kaniha, upande wa Biharamulo. Nilimpigia, simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Asubuhi nikapiga mara nane kabla ya chai, kisha nikaona ujinga, nikaondoka.

Safari yote roho ilikuwa juu. Nilikuwa nawaza: flashi ni kitu kidogo, kinadondoka, kinafuliwa na nguo, kinaazimwa hakirudi. Je, kama naye ana mtu wa kumpangia? Nilimwomba Mungu, nisameheni, kwamba huko Kaniha pasiwe na mtu nadhifu hata mmoja.

Nilimkuta shambani anapalilia. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa muhogo, inaimba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba! Kuna msiba?"

"Hapana. Flashi. Zile nyimbo za mama, unazo?"

Akanitazama kama niliyerukwa na akili. Kutoka Kibimba, kwa ajili ya flashi? Akaegemea jembe. "Ile nilimpa binti mmoja wa kanisani, aniwekee nyimbo mpya za Krismasi."

"Mungu wangu! Akafuta?"

"Afute nini? Nilimwambia za dada asiziguse, zangu aziweke nyuma. Ndiyo hiyo iko redioni."

Nikaichukua redio. Nikaizima, nikaiwasha ianzie moja. Nilipofika ishirini na kitu nikabonyeza mara mbili, nikapotea hesabu, nikaanza upya. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, namba hazisomeki. Mama anafanya hivi kila siku bila macho. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Arobaini ikaanza na upepo. Kuku. Mtu akakohoa, na kikohozi kile nilikijua kabla hajasema neno. Kisha baba akasema, kwa Kihangaza, karibu kabisa na simu:

"Mwalimu amepiga?"

Sauti ya mama ikajibu kutoka mbali kidogo: "Hajapiga."

"Atapiga tu. Ana kazi nyingi yule. Haya, imbeni."

Wakaimba.

Mwalimu ni mimi. Nyumbani kwetu hakuna mwingine. Mwaka ule aliorekodi nilikuwa nimehamishiwa shule ya Nyantakara, na kila siku nilikuwa najiambia nitawapigia kesho. Nililia palepale katikati ya mahindi, kwa sauti, na mama mdogo akaacha jembe akanishika bega, hajui hata kinachoniliza. Miaka mitatu mama amekuwa akilisikiliza swali lile kila asubuhi na kuisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba sijapiga, na mimi nilipokuja likizo hakuwahi kuniambia.

Mama mdogo akanionesha kichuguu ambapo mtandao unapatikana. Nikapanda, nikapiga. Mama alipokea haraka, nadhani simu alikuwa ameishika mkononi.

"Mama, nimeipata."

Akavuta pumzi. "Umesikia anavyosema?"

"Nimesikia, mama."

Nilitaka kuendelea, kuomba msamaha, kueleza kazi za mwaka ule. Hakunipa nafasi.

"Basi ilete nyumbani," akasema. "Na uiweke arobaini, usikosee."