Rupia Zilizolala na Mvuje

Wapwa zangu, pua yangu ingeweza kuajiriwa na forodha. Naisifu kwa sababu hapa Hathras karibu hakuna nyingine inayofanya kazi. Watu wa huku wanakanda mvuje, ule utomvu unaonuka kama soksi iliyopikwa na vitunguu vilivyooza, na ukiukanda miaka mingi pua yako inakufa bila hata matanga.

Shemeji yangu Totaram ni mkandaji. Kichaa chake ni kimoja: rupia za kale za fedha. Mwaka huu wakusanyaji wa sarafu wa Agra walimkubalia apange zake kwenye maonyesho yao, yeye aliyezoea kuwachungulia dirishani. Hofu yake ilikuwa moja tu, zisije zikapiga weusi.

Na kuzilinda alijua, msimdharau! Hagusi uso wa sarafu, hushika ukingo. Mipira ya kufungia, mwiko. Plastiki laini, mwiko. Makaratasi, mwiko. Zote alizitia kwenye kopo la bati, kifuniko kimebana, na kifuko cha chembe za kunyonya unyevu juu yake.

Nilipokwenda kumsindikiza, akalifungua mbele yangu. Nilirudi nyuma hadi ukutani.

“Shemeji, kopo hili lilikuwa la nini?”

“La kazini. Lakini nililiosha.”

“Uliliosha kwa mkojo wa beberu? Linanuka mvuje!”

Akatumbukiza pua yote. “Wapi! Vimlesh, hebu njoo unuse.”

Dada yangu akanusa. “Halinuki kitu. Kaka anajidai tu, ndiyo zake.”

Kisha wakatazama ndani. Rupia zilikuwa nyeusi tii, na pembeni zina buluu ya inzi wa chooni. Harufu ya mvuje ndiyo inayoila fedha, na huyu bwana alikuwa amezifungia humo pamoja nayo!

Totaram akakaa chini kama mfiwa. Vimlesh akaleta ukwaju na majivu, vile tunavyosugulia sarafu za ibada ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa mali.

“Sugua, Baba Sarla, zitang’aa.”

“Toa uchafu wako!” akafoka. “Ukizisugua unazichuna ngozi. Heri niende nazo nyeusi.”

Kule Agra, mzee mwenye lenzi akaishika moja ukingoni, akaitazama kwa muda. “Haijasuguliwa hata kidogo,” akasema kwa heshima. Halafu akaziba pua. “Utaonyesha, ndugu. Ila si humu ndani.”

Meza yetu ikawekwa uani, ubavuni mwa choo. Mchana kutwa nilisimama na leso mdomoni, huku choo, huku mvuje, na naapa choo kilikuwa nafuu. Totaram uso umemchanua. Kila aliyetoka chooni akifunga suruali alimdaka:

“Karibu utazame, mzee! Shika ukingo tu. Lakini kanawe kwanza.”